Likizo ya kupanda farasi kwenye ranchi za Amerika Kusini: je, Pampas, Uruguay, Patagonia na Pantanal zinaingia katika safari moja?

Nyika na Pwani (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, assalaam aleikum na habari za jioni.

Mimi na mume wangu tunapanga safari ya takriban wiki mbili huko Amerika Kusini mwakani. Hatuna haja kubwa ya miji. Tunachotaka ni kukaa mashambani, kwenye zile ranchi za ng'ombe zinazopokea wageni, ambako mtu huamka, akatandikiwa farasi, akashinda malishoni pamoja na wachungaji. Mimi nilijifunza kupanda farasi katika shamba moja la huku kwetu, kwa mtindo wa Kiingereza, na ninaweza kukaa imara farasi akienda mchakamchaka na hata akipiga shoti fupi mahali tambarare. Mume wangu hajawahi kupanda mnyama yeyote isipokuwa punda wa Lamu, ana umri wa miaka hamsini na ushee, na uzito wake ni kilo 98, jambo ambalo ameniruhusu kulitaja kwa shingo upande.

Tulichoandika hadi sasa ni hiki: tutue Buenos Aires, tukae siku chache katika ranchi ya Pampas, zile nyika tambarare za Argentina, tuvuke kwenda Uruguay, turudi na kuruka hadi Patagonia tuione milima tukiwa juu ya farasi, kisha tumalizie Pantanal nchini Brazil, ambako nimesoma kwamba farasi hupita ndani ya maji huku wageni wakitazama ndege. Likizo tunaweza kuipata Julai au Novemba.

Ninaomba kujua kama mpango huu unatekelezeka, ni mwezi gani ulio bora, na mtu atatambuaje akiwa mbali kwamba ranchi anayoilipia ni ranchi ya kweli na si hoteli yenye farasi watatu wa kupigia picha. Aidha, sisi ni Waislamu na tunasikia kwamba huko chakula ni nyama asubuhi, mchana na jioni. Wenzetu waliofika huko walifanyaje?

Saisi wa Naivasha

Dada, wa aleikum salaam. Nimefanya kazi ya usaisi na ya kuongoza wageni juu ya farasi kwa muda mrefu, na niliwahi kufanya kazi msimu mzima katika ranchi moja ya mkoa wa Buenos Aires, kwa hiyo nitasema ya Argentina na ya Brazil nitawaachia wengine.

Mpango wenu ni safari nne zilizofungwa katika mfuko mmoja. Kutoka Buenos Aires hadi El Calafate, ambao ndio mlango wa Patagonia ya kusini, ni zaidi ya saa tatu kwa ndege, na bado hapo hujafika ranchini. Kwenda Pantanal ni kupitia São Paulo, kubadili ndege hadi Cuiabá au Campo Grande, kisha kuingia barabara ya vumbi. Ukiongeza siku za kuungua katika viwanja vya ndege, kila ranchi itabaki na siku moja na nusu ya kupanda, na siku ya kwanza katika ranchi yoyote huwa ni ya kujuana na farasi tu. Wenyeji hukupa mnyama mpole, hukutazama unavyokaa, na siku ya pili au ya tatu ndipo hukuamini na kukupeleka penye kazi. Anayeondoka siku ya pili huondoka kabla ya sehemu aliyoilipia.

Suala la mwezi nalo linawalazimisha kuchagua. Julai ni majira ya baridi kwenye Pampas: siku ni fupi, umande huganda alfajiri, ingawa kupanda kunawezekana. Huko Patagonia ya kusini ranchi nyingi za wageni huwa zimefungwa kabisa mwezi huo. Novemba ni majira ya kuchipua, nyasi ni nzuri, mchana ni mrefu, na Pampas na Uruguay huwa katika hali ya kupendeza. Patagonia huwa imefunguliwa, lakini upepo wa huko katika miezi ya kuchipua na ya kiangazi si wa kumfundishia mtu anayeanza. Pantanal ndiyo inayokwenda kinyume na hizo zote: Julai hadi Septemba ni ukavu na wanyama huonekana kwa urahisi, na Novemba mvua huwa zimeanza.

Kwa maoni yangu, nendeni Novemba, chagueni Pampas na ama Uruguay ama milima ya Córdoba humo humo Argentina, na mkae ranchi mbili tu. Pantanal iwekeni kwa Julai ya mwaka mwingine.

Sasa nije kwenye swali lako la ranchi ya kweli, maana hapo ndipo wageni wengi hupoteza fedha. Huko ranchi huitwa estancia, na neno hilo hubandikwa juu ya vitu vitatu tofauti. Kuna ile inayouza siku moja ya shamba, ambapo mabasi huja kutoka Buenos Aires asubuhi, wageni hupewa nyama choma, hupandishwa farasi kwa nusu saa wakiwa wamepangwa mstari mmoja, hutazama ngoma na yale mashindano ya kupita shoti na kutungua pete ndogo inayoning'inia, kisha hurudi mjini jioni. Ni burudani halali kwa mwenye haja nayo. Kuna jumba kubwa la zamani la familia tajiri lililogeuzwa nyumba ya wageni, lenye bustani na bwawa la kuogelea, ambako farasi wapo na ni wazuri, lakini mifugo huwa mbali au imekodishwa kwa mtu mwingine. Na kuna shamba linaloishi kwa ng'ombe na kondoo, ambalo hupokea wageni wachache ili kuongeza kipato. Ninyi mnalitaka hilo la tatu.

Kulitambua kunahitaji barua pepe moja tu yenye maswali yanayobana. Uliza wana farasi wangapi wa kupandwa na wanapokea wageni wangapi kwa wakati mmoja. Uliza mgeni hukaa juu ya tandiko kwa saa ngapi kwa siku, na kama anayejua na asiyejua hutenganishwa au hufungwa kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Uliza wiki ile utakayokuwapo shamba litakuwa na kazi gani. Mwenye shamba la kweli atakujibu swali hilo bila kufikiri, kwa kuwa kalenda anayo kichwani: majira ya kuchipua ni ndama na kunyoa kondoo, majira ya kupukutika kwa majani ni kupiga chapa. Ukijibiwa kwamba kazi za gaucho, yaani mchungaji wa ng'ombe wa huko apandaye farasi, hufanyika kila siku saa nne asubuhi, basi umeelewa kwamba ni maonyesho.

Mji wa San Antonio de Areco, kilomita 113 kutoka Buenos Aires, ndio unaotajwa zaidi kwa sababu ni karibu na kwa sababu mafundi wake wa fedha na ngozi bado wanafanya kazi kweli. Mkifika Novemba, tarehe 10 ni Siku ya Mapokeo nchini humo, na mji huo huisherehekea kwa misafara ya wapanda farasi na makundi ya farasi huru yanayoongozwa na jike mmoja mwenye kengele shingoni. Mahali pa kulala hujaa mapema sana wakati huo.

Mkaazi wa Montevideo

Dada Nyika na Pwani, karibu sana upande huu wa mto wa La Plata, unaotutenganisha na Buenos Aires. Ninaheshimu aliyoyasema Saisi, isipokuwa hapo alipoiweka Uruguay kama chaguo la pili baada ya Areco. Kwa watu wanaotaka shamba na si maonyesho, mimi ningeanza na Uruguay na kuipa siku nyingi zaidi.

Hii ni nchi ya watu wasiofikia milioni 4 na ng'ombe wapatao milioni 12, na kila ng'ombe ana hereni ya utambulisho sikioni kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Mifugo ndiyo nchi yenyewe. Ukienda wilaya za kaskazini kama Tacuarembó, karibu kilomita 390 kutoka Montevideo, utakuta watu waliovaa suruali pana za kufungwa kifundoni na kofia bapa kwa sababu ndizo nguo zao za kazi, na mgeni anayeweza kukaa juu ya farasi huambiwa tu aungane na wenzake kuswaga ng'ombe kuelekea joshoni. Vilima ni vya chini, ardhi ni wazi, na kwa shemeji anayeanza hakuna mahali pa upole kuliko hapo. Tamasha kubwa la magaucho la Tacuarembó huwa mwezi Machi, kwa hiyo mtalikosa, lakini Novemba mnaweza kukuta manyoya ya kondoo yakinyolewa, na hiyo ni kazi ya kutazamwa siku nzima bila kuchoka.

Feri kutoka Buenos Aires hadi Colonia huchukua saa moja na dakika chache. Wepesi huo usiwadanganye: ni mpaka wa nchi. Mkivuka na kurudi Buenos Aires kupanda ndege ya nyumbani, mtakuwa mmeingia Argentina mara mbili, hivyo mnapoomba viza ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, na ya Uruguay mwiulizie mapema. Njia nyingine ni kununua tiketi ya kuingilia Buenos Aires na kutokea Montevideo.

Kuhusu chakula nitasema kwa urefu kidogo, maana mimi pia ni Mwislamu. Katika ranchi nyingi malipo ya siku hujumuisha kulala, kula na kupanda farasi, na mezani huna menyu, unakula kilichopikwa. Nyama choma ya Jumapili huwekwa kwenye wavu mmoja, na juu ya wavu huo huo hukaa soseji zenye nguruwe na zile za damu. Maandazi yao ya siku za mvua hukaangwa mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe. Kwa hiyo kusema tu kwamba huli nguruwe hakutoshi. Andikeni kabla, mkieleza kwa Kihispania chepesi kwamba hamli nyama ambayo haikuchinjwa kwa taratibu za dini yenu, na mtapikiwa samaki, mayai, jibini, maboga, viazi na dengu bila manung'uniko. Lakini lipo jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii: ranchi nyingi huchinja kondoo wao wenyewe kwa chakula cha nyumbani. Nimeona mgeni akiomba achinje mwenyewe, kwa kisu chake, akitaja jina la Mungu, na wenyeji wakasimama kando kwa adabu na baadaye wakamsifu kwa mkono mwepesi. Kwa watu wa shamba hilo si ombi la ajabu, ila liombwe mapema na lisije kama mshtuko wa saa ya kupika.

Jioni huliwa saa tatu au saa nne usiku, basi chai ya alasiri msiikatae. Kuhusu mate, kile kinywaji cha majani kinachozungushwa katika kibuyu kimoja chenye mrija wa chuma: ukipewa, kunywa hadi kiishe kisha umrudishie aliyekupa, bila kuuchezea mrija. Neno la asante halisemwi kila mnywapo. Ukisema asante maana yake umetosheka, na hutapewa tena.

Na mkipita Montevideo siku ya Jumapili, tafuteni ngoma za candombe katika mtaa wa Palermo au Barrio Sur. Ngoma hizo zililetwa na Waafrika waliofikishwa hapa utumwani, wakiwamo waliotoka pwani ya Msumbiji, na wengi wa uzao wao walifanya kazi hizi hizi za farasi na ng'ombe. Hilo halimo katika vipeperushi vya ranchi, wala waongozaji wengi hawalitaji.

Daktari wa Mifugo (Morogoro)

Habari zenu. Ninakubaliana na kupunguza nchi. Nitasema juu ya farasi wenyewe na juu ya afya.

Farasi mtakaowakuta Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil ni wa aina ya Criollo au mchanganyiko wake. Ni mnyama mfupi, kimo cha mita 1.40 hadi 1.50 begani, mwenye mifupa minene na ustahimilivu usio wa kawaida. Mswisi Aimé Tschiffely aliondoka Buenos Aires mwaka 1925 na farasi wawili wa aina hii, Mancha na Gato, ambao hawakuwa vijana tena, akafika New York mwaka 1928. Mizoga yao iliyokaushwa imo katika jumba la makumbusho la Luján, kilomita kama 70 magharibi mwa Buenos Aires, na mtu anayependa farasi hatajuta kupita hapo.

Hata hivyo ustahimilivu una hesabu yake. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya takriban asilimia 20 ya uzito wake, pamoja na tandiko. Criollo wa kilo 430 anaishia kilo 86. Ranchi nyingi hulegeza kidogo na kuweka kikomo kati ya kilo 90 na 100 kwa mpandaji, na shemeji wa kilo 98 yuko ukingoni. Mtajeni kwa uzito wake halisi wakati wa kuweka nafasi ili atengewe mnyama mkubwa. Akipunguza kilo chache kabla ya safari, magoti yake nayo yatashukuru.

Wewe dada, uliyejifunza kwa mtindo wa Kiingereza, utahitaji kusahau mambo mawili. Hatamu hushikwa kwa mkono mmoja, zikiwa zimelegea, na farasi hugeuka kwa kuguswa shingoni. Ukimvuta mdomo kwa mikono miwili kama ulivyozoea atachanganyikiwa, pengine atasimama ghafla. Tandiko lao, recado, ni tabaka za blanketi na ngozi, na juu kabisa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Ni pana na laini, lakini huweka miguu mbali zaidi kuliko ulivyozoea, na nyonga zitakuambia usiku. Kofia ngumu ni adimu katika mashamba mengi kwa kuwa wenyeji hawazivai. Beba yako.

Bima isomwe neno kwa neno. Hati nyingi za bima ya safari ama huacha nje upandaji wa farasi ama huukubali kwa masharti, kwa mfano kwamba kofia ngumu iwe imevaliwa, na kuswaga ng'ombe kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi badala ya burudani. Pateni kauli ya maandishi kutoka kwa kampuni, ikitaja kwamba kumsafirisha majeruhi kutoka mashambani kumo.

Chanjo ya homa ya manjano ipangwe mapema, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Watu huiwazia kama sharti la kuingilia nchi ya ugenini na kusahau marejeo: Tanzania hudai cheti hicho kwa abiria anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Brazil ni mojawapo. Jambo la mwisho kutoka kwangu ni viatu. Buti na suruali mlizovaa kwenye mazizi ya huku zioshwe kwa sabuni na kukauka kabisa kabla ya kufungwa, maana mnaingia nchi zinazoishi kwa kuuza nyama nje na zinaogopa ugonjwa wa miguu na midomo. Nyama kavu, maziwa na asali vibaki nyumbani.

Nyika na Pwani (Arusha)

Wapendwa, ninawashukuru nyote. Tumekaa jana usiku tukakata Patagonia na Pantanal. Itakuwa Novemba: siku chache upande wa Areco, kisha siku nyingi zaidi Tacuarembó. Habari ya kuchinja imemfurahisha mume wangu kuliko habari yoyote ya farasi. Yamebaki mawili. Je, yeye ajifunze huku kwanza, au aanzie hukohuko juu ya wanyama wapole? Na malipo hufanywaje?

Saisi wa Naivasha

Ajifunze huku, dada. Apate masomo kadhaa kabla ya kusafiri, mpaka aweze kupanda na kushuka bila kushikwa, kusimamisha farasi na kustahimili mchakamchaka kwa dakika kumi bila kung'ang'ania tandiko. Zaidi ya hapo si lazima. Misuli ya mapaja isiyozoea huuma siku ya pili kiasi cha kumfanya mtu akatae kupanda, na siku za ranchi zina gharama kubwa mno kuzitumia kitandani. Waandikieni pia wenye ranchi kwamba kuna siku angependa kupumzika; ranchi nyingi za Pampas zina gari la kukokotwa na farasi, na anaweza kuwafuata hadi mahali pa chakula cha mchana akiwa ameketi humo.

Kuhusu malipo, bei za wageni Argentina hutajwa kwa dola kwa sababu peso hubadilika thamani mara kwa mara. Kubalini kulipa amana tu, na salio mlipe mkifika. Mlipapo malazi Argentina kwa kadi iliyotolewa nje ya nchi hiyo, na kuonyesha pasipoti, mgeni husamehewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 21. Basi ulizeni mapema kama bei mliyopewa imeihesabu kodi hiyo ndani au la, na kama ranchi ina mashine ya kadi, maana nyingine ziko mbali na mtandao na hutaka noti. Noti za dola ziwe mpya, zisizochanika wala kuandikwa, la sivyo zitakataliwa.

Bakshishi ya wachungaji wekeni kando, mkampe mkuu wao siku ya kuondoka awagawie wenzake.

Mkaazi wa Montevideo

Nyongeza ndogo kwa shemeji: kisu akiweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, si la mkononi. Au anunue hapa Tacuarembó, ambako kila duka la vifaa vya farasi huuza vya kumtosha.